Namna ya Kuanza Kujifunza Kimari Ukiwa Moshi

Kimari ni lugha ya familia ya Kiurali, ndugu wa mbali wa Kifini na Kihungari, na wasemaji wake wengi wako katika Jamhuri ya Mari El, kando ya mto Volga nchini Urusi. Kwanza amua utajifunza Kimari kipi, kwa kuwa kuna lugha sanifu mbili, ya Uwandani na ya Milimani, jambo ambalo mtu wa Moshi aliyezoea kusikia Kimachame na Kirombo hatalishangaa. Nashauri cha Uwandani, chenye wasemaji na maandishi mengi zaidi.

Huandikwa kwa herufi za Kikirili, lakini kibodi ya Kirusi haitoshi, maana inakosa ӧ, ӱ na ҥ. Hiyo ya mwisho isikutishe: ndiyo sauti inayoanza neno ng'ombe.

Baada ya hapo ingia kwenye viambishi, na hapa ndipo Kiswahili chako kinapokuwa mtaji mkubwa. Sisi husema mwenzangu, mwenzako, mwenzake. Mmari naye hubandika mmiliki mwishoni mwa jina, hivyo kid (mkono) huwa kidem, mkono wangu, kidet, wako, na kidshe, wake. Mahali pia huonyeshwa mwishoni, kama -ni yetu, ila kuwa makini: sisi husema “niko nyumbani” na “naenda nyumbani” kwa neno lilelile, ilhali Kimari hutenganisha pörtyshtö, ukiwa tayari ndani, na pörtyshkö, ukiwa unaelekea humo. Andika jozi kama hizo daftarini na uzisome kwa sauti, kwa sababu irabu ya mwisho hufuata irabu za neno lenyewe: pörtyshtö, lakini yalyshte, yaani kijijini.

Kanusho ndilo ninalolipenda kuliko yote. Kama siji, huji, haji, ukanushi wa Kimari hutangulia na hubadilika kufuata nafsi, ingawa husimama kama neno la peke yake: om tol, ot tol, ok tol. Zirudie mpaka zitoke bila kufikiri, ndipo uguse wakati uliopita, ambao una maneno yake ya kukanushia. Shym tol ni sikuja.