Wembe wa kukunja wa babu: jinsi ya kujua umri wake na thamani yake

Nyembe za kukunja za urithi hunifikia mezani katika hali mbili. Kuna ule uliotoka sandukuni jinsi ulivyo, na kutu yake na mafuta yaliyoganda. Kuna na ule ambao mjukuu ameshaupitishia msasa ili ung'ae. Wa kwanza ninaweza kuusoma. Wa pili, mara nyingi nusu ya maandishi yake yamekwenda, na sehemu kubwa ya bei yake imekwenda nayo.

Kazi yangu ni kunoa na kufufua nyembe hizi, na utaratibu ninaoueleza hapa ndio ninaoufuata kila siku. Tafuta lenzi ya kukuzia, tochi, rula ya milimita, kitambaa laini na mafuta ya cherehani.

Hatua ya 1: Usiusafishe

Ufungue polepole ukiwa umeushika shingoni, pale karibu na mpini pasipo na makali, vidole mbali na makali. Wembe wa miaka mia bado unakata. Futa vumbi kwa kitambaa chenye tone la mafuta, kisha uweke chini. Hakuna msasa, hakuna dawa ya kutu, hakuna siki, wala mashine. Michoro ya ubapani ilichorwa kwa asidi au kupakwa dhahabu nyembamba sana, na dawa ya kung'arishia huifuta kabisa kwa dakika chache.

Hatua ya 2: Soma shingo

Shingo ni kile kipande kisicho na makali, kati ya ubapa na ribiti ya mpini. Mulika tochi kutoka ubavuni ili herufi zitupe kivuli, kisha andika kila unachokiona, mbele na nyuma: jina, mji, nchi, namba, taji, nyota, mnyama.

Anza na mji. Nyembe nyingi za zamani ni za Sheffield, Uingereza, au Solingen, Ujerumani. Utakutana pia na za Thiers ya Ufaransa, Eskilstuna ya Uswidi, na za viwanda vya Marekani.

Halafu tazama nchi. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890, inayojulikana kwa jina la McKinley, ilidai bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka. Ndiyo maana wembe wenye "Sheffield" tu, bila "England", hukisiwa kuwa wa kabla ya 1891. Lichukue hilo kama dalili, si ushahidi, kwa sababu sheria hiyo iliwabana waliouza Marekani. Wembe uliouzwa kwao Uingereza haukulazimika kuifuata.

Kuna kosa moja linalorudiwa sana, nalo ni kudai kwamba kila wembe wenye "Made in Germany" ni wa baada ya vita vya kwanza vya dunia. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 ilikuwa imeshawasukuma Wajerumani kuandika hivyo kwenye bidhaa zilizoingia masoko ya Waingereza. Kwa hiyo maneno hayo yanaweza kuwepo hata kwenye wembe wa karne ya 19. Ukiona "West Germany", hapo hakuna ubishi: ni kati ya 1949 na 1990.

Nyembe za Sheffield zina faida moja kubwa, yaani wafalme: wakitajwa shingoni, miaka ya utawala wao inakusaidia kukisia umri. Chukua Joseph Rodgers & Sons. Alama yake ni nyota na msalaba wa Malta, iliyotolewa mwaka 1682, na kampuni ilipata hati ya kifalme mwaka 1822 chini ya George IV. Shingo ikisema "Cutlers to Her Majesty" (watengeneza visu wa Malkia), huyo kwa kawaida ni Malkia Victoria, 1837 hadi 1901. Ikisema "His Majesty" (Mfalme), unaweza kuwa wembe wa kabla ya 1837 au wa baada ya 1901, na herufi peke yake haziamui. Itabidi umbo likusaidie. Taji lenye V na R ni la Victoria. W na R ni William IV, aliyetawala 1830 hadi 1837 tu, na wembe wa namna hiyo uushike kwa heshima.

Maneno "cast steel" yanahusu feleji ya kuyeyushwa kwenye vyungu, ufundi ambao Benjamin Huntsman aliuanzisha eneo la Sheffield katika miaka ya 1740. "Silver steel" (feleji ya fedha) yalikuja baada ya mtengeneza visu James Stodart na mwanasayansi Michael Faraday kuchapisha majaribio yao ya kuchanganya feleji na fedha, mwaka 1820 na 1822. Usitegemee kupata fedha humo; yalikuwa maneno ya kuvutia wanunuzi.

Jihadhari na mwaka ulioandikwa kwenye boksi. Alama ya mapacha ya kampuni ya Henckels iliandikishwa Solingen mwaka 1731 na iliendelea kutumika karne baada ya karne. Mwaka kama huo ni wa kampuni, si wa wembe wako.

Hatua ya 3: Tazama umbo

Utazame ubapa kutoka nchani. Ukiwa mnene mgongoni na kushuka moja kwa moja hadi kwenye makali, kama kabari, huo ni mtindo wa zamani. Ukiwa umebonyea pande zote mbili hadi makali yakawa membamba kabisa, ni wa mwisho wa karne ya 19 au baadaye. Solingen ndiko ufundi huo ulikopata sifa.

Kisha mkia, kile kipande cha nyuma unachokiegemeza kidole. Nyembe za karne ya 18 hazina mkia, au zina kishina kifupi tu. Mkia mrefu uliopinda ni wa karne ya 19 kuendelea. Hapa ndipo lile swali la "His Majesty" linapojibiwa: kabari yenye mkia mfupi iweke kabla ya 1837, ubapa uliobonyea uweke baada ya 1901.

Mmarekani Gillette alianza kuuza wembe wake wenye makali ya kubadilishwa mwaka 1903, na mwaka 1918 askari wa Marekani wakagawiwa kama milioni 3.5. Tangu hapo soko la wembe wa kukunja likaporomoka.

Hatua ya 4: Mpini

Mfupa una vitundu vidogo vyeusi. Pembe za ndovu zina mistari myembamba inayokatana. Seluloidi inayoziiga ina mistari sambamba, iliyonyooka kupita kiasi. Usijaribu kwa sindano ya moto, maana seluloidi hushika moto haraka.

Seluloidi ilienea baada ya 1870, na ikizeeka huoza. Ukinusa kafuri, na ubapa una kutu pale tu unapogusana na mpini, mvuke wa seluloidi ndio unaoula chuma. Utenge na nyembe nyingine leo hii.

Kwa pembe za ndovu na magamba ya ng'amba, simama kwanza. Pembe nyingi zilizokwenda Ulaya na Marekani karne ya 19 zilipitia Unguja, lakini umri wa kitu haukupi ruhusa ya kukiuza. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku mwaka 1989 chini ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, Uingereza ina sheria yake kali tangu 2022, na hapa Kenya na Tanzania hata kuwa nazo bila kibali ni kosa. Nenda kwa mamlaka ya wanyamapori kabla ya kutangaza chochote.

Hatua ya 5: Afya ya chuma

Hii ndiyo inayopanga bei kuliko umri. Chunguza makali kwa lenzi, milimita kwa milimita. Ufa, hata mdogo kama unywele, unauondoa wembe kwenye matumizi. Kutu ya mgongoni inavumilika, ila vishimo karibu na makali ni hasara. Angalia pia kama mgongo umelika na kuwa bapa, au makali yamepinda kwa ndani katikati. Hiyo ni miaka ya kunolewa vibaya.

Pima upana kutoka mgongoni hadi makali. Huhesabiwa kwa sehemu ya nane ya inchi: milimita 16 ni 5/8, milimita 19 ni 6/8, milimita 25 ni 8/8. Wembe mpana wa Sheffield uliobaki mzima hutafutwa sana.

Hatua ya 6: Bei

Tafuta jina na upana huohuo kwenye minada ya mtandaoni, na uangalie bei ya vilivyouzwa tayari. Bei anazotaka muuzaji hazina maana. Wembe wa kawaida wa Solingen wa 5/8, wenye mpini wa seluloidi, mara nyingi hauvuki makumi machache ya dola. Bei hupanda kwa kabari pana za kampuni ya Sheffield ya Wade & Butcher, michoro iliyo hai, mpini wa asili na ribiti zake, au seti ya nyembe saba za siku za wiki ndani ya boksi lake.

Ukitaka kuuza, piga picha shingo pande zote, ubapa wote, makali kwa karibu, mpini na boksi, karibu na dirisha na bila flashi. Mnunuzi anayejua kazi ataomba picha ya makali kwanza. Naye dalali akitaka kuung'arisha kabla ya kukupa bei, uchukue wembe wako.