Kuchagua hadubini ya shule: msingi hadi kidato cha sita

Walimu wengi huanza kwa kuuliza bei. Anza na hili: mwanafunzi wako anatakiwa kuona nini?

1. Shule ya msingi. Lenzi za mkono za kutosha darasa zima, kisha hadubini ya macho mawili inayokuza mara 20 hadi 40. Mtoto anaweka mdudu au ua zima na kutazama, bila slaidi. Zile za plastiki zilizoandikwa 1200x kwenye boksi ziache dukani. Zinakuza ukungu tu.

2. Kidato cha 1 hadi 4. Lenzi ya jicho 10x, lenzi za kitu 4x, 10x na 40x. Unapata ukuzaji wa mara 40, 100 na 400, na seli za kitunguu zinaonekana vizuri. Chukua yenye mwili wa chuma na taa ya LED ya betri za kuchaji, umeme ukikatika kipindi kiendelee. Yenye kioo cha kuakisi mwanga badala ya taa pia inafaa, ila kioo kisielekezwe kwenye jua kamwe: macho yataumia.

3. Ijaribu kabla ya kulipa. Hapa usikubali kuharakishwa. Beba slaidi yako. Anza na 4x, panda 10x, kisha 40x. Kitu kisitoke katikati, na taswira ihitaji kurekebishwa kidogo tu kwa skrubu ndogo ya kulenga. Iache dakika chache, tazama tena: taswira ikififia yenyewe, meza ya kuwekea slaidi inashuka, na wanafunzi watahangaika nayo muhula mzima. Soma pia namba kwenye lenzi ya 40x. Ikiandikwa 0.65 (kipimo cha uwezo wa lenzi kutenganisha vitu vidogo), ukuzaji wenye maana unaishia karibu mara 650.

40x ikikataa kabisa kuonyesha, geuza slaidi kwanza kabla ya kulaumu lenzi. Lenzi hii hukaribia kitu kwa chini ya milimita moja. Slaidi iliyopinduliwa inaweka kioo kizima katikati. 4x na 10x zitaonyesha, 40x haitaonyesha asilani. Shule moja niliyoisaidia ilikuwa imefungia kabatini hadubini nzima kabisa kwa sababu hiyo.

4. Kidato cha 5 na 6. Hadubini zilezile zinatosha hata kwa mgawanyiko wa seli kwenye ncha ya mzizi wa kitunguu. Ongeza moja tu yenye lenzi ya kitu ya 100x na kondensa (lenzi ya kukusanya mwanga chini ya slaidi), kwa ajili ya bakteria. Nunua na mafuta yake ya kudondoshea kati ya lenzi na slaidi; bila mafuta, 100x haina kazi.

5. Pwani. Kuvu huota kwenye lenzi. Hifadhi pakavu, pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu.