Somo: cheche ya plagi inavyozaliwa, mfumo wa pointi na wa elektroniki

Wakuu, gari likigoma kuwaka wengi hukimbilia kununua plagi mpya. Kabla hujatoa hela, shika jambo moja: koili haitoi cheche umeme unapoingia, inatoa umeme unapokatwa. Ukilielewa hilo, mfumo wa zamani na wa kisasa yote itakufungukia.

Hatua ya 1: Ijue koili

Ndani yake mna waya mbili zilizozungushiwa chuma kimoja. Moja ni nene, ina mizunguko mia chache. Nyingine ni nyembamba kama unywele, ina mizunguko maelfu kwa maelfu. Betri ya volti 12 ikipeleka umeme kwenye waya nene, chuma kinajaa usumaku. Kata umeme ghafla, usumaku unaporomoka, na kuporomoka huko ndiko kunakozalisha volti 20,000 na zaidi kwenye waya nyembamba. Hizo zinatosha kuruka mwanya wa plagi. Kinachobaki ni swali la nani anakata, na anakata vizuri kiasi gani.

Hatua ya 2: Pointi zinavyokata

Pointi ni vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana kupitisha umeme na kuachana kuukata. Mfumo huu ulianzia kwa Mmarekani Charles Kettering, miaka ya kuelekea 1910. Fungua kofia ya distributa (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi) ya Land Rover ya zamani au Datsun 1200 utaukuta. Kemu, ile shafti yenye pembe, inazunguka, inasukuma kisigino cha pointi, zinaachana, umeme unakatika. Rota, mkono unaozunguka juu yake, inaupokea umeme mkali kutoka koili na kuugawa kwa kila plagi kwa zamu. Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi hufunguka mara 100 kila sekunde. Zitaachaje kuchakaa?

Pembeni yake kuna kondensa, kile kikopo kidogo chenye waya mmoja. Watu wanakidharau, nami hilo linaniuma, maana ndicho kinachozuia umeme usiruke kati ya pointi zinapoachana. Kikifa, pointi zinaungua na cheche ya plagi inadhoofika. Zitazame pointi zilizotumika: upande mmoja una kilima kidogo, upande wa pili kishimo kinacholingana nacho. Ukiona kilima kimekuwa kikubwa, usipige msasa ukafunga. Kondensa nayo ina neno.

Hatua ya 3: Kuseti pointi

Zungusha injini kwa mkono mpaka kisigino kikae juu kabisa ya pembe ya kemu. Legeza skrubu, ingiza kipimo cha unene. Gari nyingi zinataka karibu milimita 0.4, ila fuata kitabu cha gari lako. Kipimo kipite kwa kukwaruza kidogo, kisilegee wala kisibane. Kaza, kisha pima tena, kwa sababu kukaza huwa kunasogeza. Mwisho kabisa rekebisha taimingi, yaani wakati cheche inapotoka. Ukipanua mwanya, pointi hufunguka mapema na taimingi inakwenda mbele, kwa hiyo anayeseti taimingi kwanza anarudia kazi.

Hatua ya 4: Elektroniki

Hapa anayekata ni transista, yaani swichi ya elektroniki isiyo na kinachogusana. Sensa inasoma mzunguko wa shafti bila kuigusa, inapeleka ishara, transista inakata. Hakuna kinacholika kwa msuguano, na umeme mwingi zaidi unaweza kupita kwenye koili, hivyo cheche inakuwa na nguvu. Baadaye distributa yenyewe ikaondolewa: Vitz yenye injini ya 1NZ ina koili moja juu ya kila plagi, na kompyuta ndiyo inayoamua muda wa kukata.

Onyo: usichomoe waya wa plagi injini ikiunguruma ili kuona cheche. Utapigwa vibaya, na transista inaweza kufa. Zima injini, chomeka plagi ya akiba kwenye waya huo, ilaze ikigusana na chuma cha injini, halafu mwenzako apige stata. Hakikisha hakuna petroli inayovuja karibu.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Niliacha swichi wazi nikisikiliza redio, injini imezimwa, nikakuta koili ya moto sana. Kwa nini?*

Marahaba. Injini ilisimama pointi zikiwa zimefungana. Hakuna wa kukata, umeme ukaendelea kupita. Mara nyingine koili huungua kabisa.

*Mkuu, Vitz yangu inamisi, silinda moja haifanyi kazi. Nianzie wapi?*

Zima gari, hamisha koili ya silinda hiyo kwenda ya jirani. Misi ikihama nayo, koili ndiyo mbovu. Isipohama, kagua plagi, kisha injekta.

*Naweza kufunga koili ya elektroniki kwenye gari la pointi ili cheche iwe kali?*

Usifanye. Koili hizo nyingi zina ukinzani mdogo, zinavuta umeme mwingi, pointi zitaungua upesi. Koili ya pointi huwa na omu 3 hivi, au nusu yake ikiwa kuna rezista kwenye laini.

*Land Rover yangu ya pointi nataka kuibadilisha iwe elektroniki. Ni sawa?*

Ni sawa, na utaipenda asubuhi za baridi. Ila pointi zikikusumbua porini, unazisafisha kwa msasa na kufika nyumbani. Transista ikifa hakuna cha kusafisha. Pointi na kondensa ulizotoa zifunge kwenye kitambaa, uziweke chini ya kiti pamoja na bisibisi.