Kutafuta hati ya shamba au nyumba ya wazee katika Nyaraka za Zanzibar

Mwongozo huu ni wa anayetafuta karatasi ya zamani pale Nyaraka za Taifa, Kilimani, Unguja: hati ya shamba la karafuu, nyumba ya Mji Mkongwe, wasia, kesi ya mirathi, au jina la babu aliyepewa uhuru wake. Unahusu zaidi karatasi za kati ya miaka ya 1870 na 1930, maana huko ndiko watu wengi hukwama. Anayekwama huwa amekwenda na jina peke yake. Salim bin Said wako wengi mno. Nenda na jina, mahali na tarehe, na kati ya hivyo vitatu, tarehe ndiyo inayofungua mlango.

Hatua ya 1: Kusanya nyumbani kwanza

Andika jina mpaka babu wa tatu, kabila au ukoo, na jina la shamba au mtaa kama lilivyotamkwa zamani. Wazee wakiwa hawajui mwaka, usiwabane kwa namba. Waulize kama ilikuwa kabla au baada ya kimbunga cha 1872 kilichoangusha mikarafuu, kufa kwa Seyyid Barghash mwaka 1888, au mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896. Jibu kama hilo linakupunguzia rafu nzima ya rejesta.

Hatua ya 2: Kibali na vifaa

Chukua kitambulisho, na barua ya utambulisho kama unayo. Mgeni kutoka nje ya nchi atahitaji kibali cha utafiti cha Serikali ya Mapinduzi, na akishughulikie kabla ya safari. Kalamu ya wino iache ndani ya begi. Tumia penseli na daftari. Kompyuta ni nzuri, lakini kunakili jina la Kiarabu kwa mkono kunakulazimisha kuliangalia herufi kwa herufi.

Hatua ya 3: Chagua fungu sahihi

Kumbukumbu zimepangwa kwa herufi. Hizi ndizo utakazozihitaji zaidi:

AA ni karatasi za ubalozi mdogo wa Uingereza, yaani za kabla ya 1913 kwa sehemu kubwa. AB ni mafaili ya Sekretarieti, ofisi kuu ya serikali ya ukoloni. AM ina rejesta za hati, mauziano na madeni. HC ni Mahakama Kuu, na humo mna kesi za mirathi na madai. BA ni vitabu vya kuchapishwa: ripoti za mwaka, gazeti la serikali na kadhalika.

Anayetafuta shamba aanze na AM, kisha HC. Wengi hukimbilia AB kwa sababu mafaili yake ni ya Kiingereza kilichopigwa taipu na yanasomeka, ila afisa wa Sekretarieti hakuwa na sababu ya kumwandika babu yako isipokuwa aliwasumbua.

Kwenye karatasi ya maombi andika namba nzima, na mikwaju yake (/). Ukiandika herufi na namba ya kwanza tu, umeomba kundi zima na si jalada.

Hatua ya 4: Tarehe (hapa usiwe na haraka)

Hati za Kiarabu, na barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zina tarehe za Hijria. Kuna mitego minne, na mara nyingi hukutana miwili katika mstari mmoja.

Wa kwanza ni tarakimu zenyewe. Sifuri ya Kiarabu ni nukta: ٠. Tano ni duara: ٥. Jicho lililozoea tarakimu za shuleni huona duara likasoma sifuri, na ١٢٩٥ ikawa 1290 badala ya 1295. Nukta nayo, kwenye karatasi iliyoliwa na wadudu, hupotea au huonekana doa la wino. Mbili na tatu (٢ na ٣) zinatofautiana kwa jino moja tu. Tafuta kwanza tarakimu za mwandishi huyohuyo mahali usipo na shaka nazo, kwa mfano namba za hati zinazofuatana, ndipo usome mwaka. Kumbuka pia kwamba maneno yanakwenda kulia kuja kushoto, lakini namba husomwa kushoto kwenda kulia.

Wa pili ni mfungo, na huu ndio unaopoteza siku nzima. Wazee na barua za Kiswahili hawasemi Shawwal au Safar. Wanasema Mfungo Mosi, Mfungo Pili, mpaka Mfungo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Hesabu inaanzia baada ya kufungua Ramadhani. Lakini mwaka wa Hijria haubadiliki hapo! Unabadilika Mfungo Nne, ambao ni Muharram. Kwa hiyo kuanzia Mfungo Nne hadi Mfungo Tisa, toa 3 upate namba ya mwezi katika mwaka. Mfungo Mosi, Pili na Tatu, ongeza 9. Ukisahau, jikumbushe kwa Maulidi: yako Mfungo Sita, na Mfungo Sita ni Rabiul-Awwal, mwezi wa tatu.

Chukua mfano wa tarehe 20 Mfungo Sita 1300. Kwa kalenda ya kuhesabu, mwaka 1300 ulianza tarehe 12 Novemba 1882. Ukihesabu vizuri unafika 29 Januari 1883. Ukidhani Mfungo Sita ni mwezi wa sita, unafika 28 Aprili 1883, na rejesta ya Aprili utaipekua jalada hadi jalada bila kuona kitu, kisha uondoke ukisema hati imepotea.

Wa tatu ni mwezi kuandama. Jedwali la kubadili tarehe au programu ya simu huhesabu, ila Unguja mwezi ulifungwa kwa kuonekana. Tofauti ya siku moja, hata mbili, ni ya kawaida. Dawa yake ni jina la siku. Tarehe 29 Januari 1883 ilikuwa Jumatatu. Hati ikisema Jumanne 20 Mfungo Sita, basi ni tarehe 30, mwezi uliandama siku moja baadaye. Amini jina la siku kuliko namba. Mimi napendelea jedwali la kuchapishwa, kwa kuwa linaonyesha mwaka mzima kwa pamoja na kosa la mwezi mzima unaliona papo hapo. Programu inakupa jibu moja na inakuacha ukiliamini.

Wa nne ni usiku. Siku inaanza magharibi. Mtu aliyefariki usiku wa Jumatatu alifariki katika usiku ambao kalenda ya Kizungu ingali inauita Jumapili. Katika kesi ya mirathi, ambapo nani alitangulia kufa ndiyo hoja yote, saa hizo chache zinabadilisha mafungu ya warithi.

Ukitaka mwaka wa haraka tu: zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, ongeza 622. Ni makadirio ya kuchagulia rejesta, usiyaandike kwenye mti wa ukoo.

Hatua ya 5: Kusoma hati

Mali haitambulishwi kwa namba ya kiwanja bali kwa majirani wa pande nne: kibla, suheli, matlai na magharibi. Kibla kwetu ni kaskazini, suheli ni kusini, matlai ni mashariki. Nakili majina yote manne hata kama hayakuhusu, kwani jirani wa leo huwa muuzaji katika hati inayofuata, na hapo ndipo unapothibitisha kuwa ni shamba lilelile.

Aliyekuwa mtumwa mara nyingi huandikwa kwa jina moja, Mabruki au Feruzi, pamoja na jina la bwana wake. Basi mtafute kwa jina la bwana. Vivyo hivyo kwa karatasi zilizofuata amri ya tarehe 6 Aprili 1897 iliyofuta hadhi ya utumwa kisheria: mwenye kudai fidia, yaani bwana, ndiye anayetangulia.

Angalia neno khiyari. Bei ya khiyari inasomeka kama mauzo, lakini ilikuwa njia ya kukopa: mwenye shamba "anauza" kwa muda maalumu, akirudisha fedha kabla ya muda kwisha mali inarudi kwake. Familia ngapi zinaamini babu aliuza, kumbe alikopa! Usihukumu mpaka utafute hati ya kukomboa, au maandishi ya pembeni ya ukurasa.

Fedha: riale ya hesabu ilikwenda 47 kwa rupia 100. Rupia 1 ni anna 16. Rupia iliondolewa 1936, kila moja kwa shilingi 1 na senti 50.

Hatua ya 6: Kunakili

Ukiruhusiwa kupiga picha, zima mwanga wa kamera, na picha ya kwanza iwe ya jalada lenye namba. Kisha ukurasa mzima pamoja na pembezoni, ndipo mstari unaoutaka.

Hatua ya 7: Isipopatikana

Rudia hatua ya 4 kwa mwaka mmoja nyuma na mmoja mbele. Baada ya hapo ndipo uangalie Nyaraka za Taifa za Uingereza, zilizoko Kew (FO ni Wizara ya Mambo ya Nje, CO ni Wizara ya Makoloni): FO 84 kwa mambo ya biashara ya watumwa, FO 107 kwa Zanzibar ya kabla ya 1913, na CO 618 kwa miaka iliyofuata. Huko utapata barua za maafisa na nakala za kesi kubwa. Hati ya shamba la minazi la mtu wa kawaida haikuvuka bahari. Kama ipo, iko Kilimani au ndani ya sanduku la shangazi.