Seli ya kinga imemeza chembe ya lipidi, au imenata nje tu? Namna ya kujua

Seli ikiwaka kwenye mashine ya kusoma mwanga wa seli, usishangilie bado. Chembe ya lipidi, yaani kipira kidogo cha mafuta, inaweza kuwa imenata kwenye utando kwa nje, au imeingia lakini ujumbe wake (mRNA, maagizo ya kutengeneza protini) umefungiwa humo ndani. Hapa Kisumu tunayatenganisha hivi.

Tunatumia chembe za nanomita 80 hadi 100. Lipidi zake tumezitia rangi nyekundu, na ndani tumepakia mRNA ya protini inayong'aa kijani. Nyekundu huonyesha chembe ilipo, kijani huonyesha ujumbe umetoka na kusomwa.

1. Tenga seli. Changanya damu ya mtu aliyeridhia na PBS (maji ya chumvi ya kuoshea seli) kiasi sawa, iteremshe taratibu juu ya Ficoll (kimiminika kizito cha kutenganisha seli), uizungushe kwa 400 g (mara 400 ya mvutano wa dunia) dakika 30 bila breki. Chini ya plazima (majimaji ya manjano ya damu) utaona utando mwembamba mweupe kama wingu; humo ndimo zilimo seli za kinga. Ufyonze, uuoshe mara mbili.

2. Gawa tyubu tatu, seli milioni 1 kila moja: ya joto (37°C) yenye chembe, ya barafu yenye chembe, na ya joto isiyo na chembe, ya kulinganishia. Kumeza kunahitaji nishati. Kwenye 4°C seli haimezi, ila chembe bado hunata, kwa hiyo tyubu ya barafu ndiyo inayokuonyesha kiasi kilichonata nje.

Mara ya kwanza nilitia chembe na kuingiza tyubu kwenye barafu papo hapo. Seli zilikuwa bado na joto, zikameza kabla ya kupoa, na siku nzima ya kazi ikaharibika. Tanguliza seli za tyubu ya barafu, chembe na PBS ya kuoshea kwenye barafu dakika 30, kila kimoja kwenye chombo chake, ndipo uchanganye. Mchana wa Kisumu barafu haikawii kuyeyuka. Ukiona tyubu zinaanza kuelea, ongeza barafu.

3. Usisahau seramu, majimaji ya damu yanayobaki ikishaganda. Kwenye damu chembe huvikwa protini, mojawapo apolipoproteini E, ambayo vipokezi vya LDL (milango ya seli ya kupokea mafuta ya damu) huitambua. Kwa njia hiyo patisiran, dawa iliyoidhinishwa Marekani 2018, hufika kwenye ini. Jaribu ukiwa na seramu na bila seramu. Majibu yanaweza kutofautiana sana.

4. Baada ya saa 1, osha kwa PBS baridi, tia kingamwili ya CD14 (alama ya kutambua monositi, seli za kinga zinazomeza), usome nyekundu. Ondoa mwanga wa tyubu ya barafu kwenye ule wa tyubu ya joto. Monositi zitaongoza, kwani kumeza ndiyo kazi yao. Limfosaiti T, seli nyingine za kinga, humeza kidogo, usiilaumu chembe.

5. Baada ya saa 24, soma kijani kwenye seli za joto ulizobakiza. Kifuko kilichobeba chembe huongezeka asidi, pH ikishuka kutoka 7.4 hadi kati ya 6 na 5. Hapo lipidi yenye kubadilika chaji huwa chanya, hushikana na utando wa kifuko na kuutoboa. Mzigo mwingi hautoki: utafiti uliochapishwa 2013 ulikuta asilimia 1 hadi 2 tu ya siRNA (vipande vifupi vya RNA vinavyozima jeni) ikitoroka.

Nyekundu ikiwa kali na kijani hakuna, usiongeze dozi. Seli imeshameza vya kutosha, badilisha lipidi.