Namna ya Kuonja Bia ya Ukungu Wakati wa Sikukuu za Desemba

Aliyekulia karibu na mbege ya Kilimanjaro au busaa ya magharibi mwa Kenya hatashtuka akimiminiwa bia ya ukungu, yaani bia isiyopitisha mwanga. Walioshtuka ni wanywaji wa Marekani, waliozoea kuamini kwamba bia njema sharti iwe angavu, hadi watengenezaji wadogo wa jimbo la Vermont walipowabadilisha mawazo. Bia inayotajwa zaidi kuwa chanzo cha mtindo huo ni Heady Topper ya The Alchemist, baa iliyojipikia bia yake mjini Waterbury kuanzia mwaka 2003. Baa hiyo iliharibiwa na mafuriko ya dhoruba Irene mwezi Agosti 2011, siku chache tu kabla ya makopo ya kwanza ya bia hiyo kujazwa katika kiwanda kipya kilicho karibu.

Majira ya baridi yanaifaa bia ya ukungu kwa sababu ya hopsi, yaani maua yanayoipa harufu na uchungu. Sehemu kubwa ya hopsi za Marekani hulimwa katika bonde la Yakima, jimboni Washington, na huvunwa kati ya mwishoni mwa Agosti na Septemba, kwa hiyo bia inayopikwa kwa ajili ya sikukuu inaweza kuwa na mavuno ya mwaka uleule. Lakini harufu hiyo haidumu. Kabla ya kulipa, geuza kopo usome tarehe ya kujazwa, ambayo mara nyingi hupigwa chapa chini yake; ikiwa imepita miezi miwili au mitatu, liache, hata kama jina lake ni kubwa na picha ya theluji iliyochorwa juu yake inavutia. Oksijeni ikishaiharibu bia, rangi yake ya juisi ya embe hugeuka kahawia yenye kijivu, na harufu ya matunda huachia nafasi harufu ya kadibodi iliyolowa.

Ihifadhi kwenye jokofu, si barazani. Wenyeji wengi wa nchi za baridi huona baraza kuwa jokofu la bure, lakini bia yenye kilevi cha asilimia 7 huanza kuganda takriban nyuzi 3 chini ya sifuri, na usiku wa Desemba huko Vermont hushuka chini zaidi ya hapo. Kopo huvimba, pengine hupasuka, na hata likinusurika, ule ukungu laini unaweza kujikusanya na kuwa mabonge yanayoelea.

Siku ya kuonja, litoe kopo dakika kumi na tano hivi kabla, ili bia ifikie kati ya nyuzi 7 na 10 za Selsiasi. Baridi kali huficha harufu, na glasi iliyogandishwa kwenye friza huharibu kazi yote. Tumia glasi yenye tumbo pana na mdomo uliobanwa kidogo, iliyosuuzwa vizuri isibaki na mafuta wala sabuni. Kopo la Heady Topper limeandikwa maneno ya kumtaka mnywaji anywe moja kwa moja kutoka kwenye kopo; kwa heshima zote kwa waliolibuni, sikubaliani nao, kwa kuwa pua haipati nafasi kupitia tundu lile dogo.

Mimina polepole hadi povu lifike upana wa vidole viwili, kisha nusa kabla ya kunywa. Hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana faida kubwa. Mwonjaji wa Boston husema tu kwamba ananusa matunda ya nchi za joto, ilhali wewe unaweza kutofautisha embe bichi na embe lililoiva hadi kukaribia kuchacha, pasheni na pera, ganda la chungwa na nyama yake. Andika tunda lenyewe. Harufu hizo hutokana na hopsi kama Citra na Mosaic, ambazo kwa sehemu kubwa hutiwa baada ya kuchemsha, wakati hamira inafanya kazi au imemaliza, ndiyo maana mafuta yake hayapotei kwa mvuke na uchungu hautoki mwingi.

Piga funda dogo, ulizungushe mdomoni, ulimeze. Oti na ngano zilizochanganywa na kimea cha shayiri huipa bia uzito laini unaokaribia wa uji mwepesi. Ukihisi kooni mkwaruzo unaounguza, bia bado changa mno. Makopo ambayo hayajafunguliwa yaache jokofuni wiki moja au mbili. Iliyo kwenye glasi ionje tena baada ya dakika ishirini, kwani ikipata joto, utamu na kilevi hujitokeza zaidi.

Ukitaka kipimo cha kulinganisha, weka pembeni Celebration ya kiwanda cha Sierra Nevada, bia ya majira ya baridi iliyoanza mwaka 1981, nayo pia hupikwa kwa hopsi za mavuno mapya, ila ni angavu na chungu zaidi. Kwa chakula, jibini la chedari na kuku wa kuokwa hufaa. Pilau pia, mradi kachumbari isijazwe pilipili, kwa sababu kilevi na uchungu huzidisha ukali wake.

Kopo la kawaida lina mililita 473, na kwa asilimia 8 hubeba kilevi mara moja na nusu ya kile kilicho katika nusu lita ya bia ya asilimia 5. Ligawe kwa watu watatu, nanyi mlimalize saa hiyohiyo, kwa kuwa likishafunguliwa halifungiki tena.