Tabo ikifa, fuata njia ya oili kwanza

Wenye pikap na lori za dizeli, kabla hujatoa pesa ya tabo nyingine (ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi kusukumia injini hewa) hapo Changamwe, Mombasa, nakuomba ufuate oili kwanza. Tabo nyingi zauliwa na oili iliyokosa kufika, ama iliyofika chafu, ama iliyoshindwa kurudi.

Oili inakaa kwa sampu, lile bakuli la chini ya injini, pampu inaivuta kupitia wavu, inapita kwa kipoza oili na filta, afu inaingia njia kuu ya bloku. Hapo yagawanyika: beringi za krankishafti, juu kwa kamshafti, injini nyingi zarusha ingine chini ya pistoni kuzipoza, na ingine inashika kipaipu chembamba mpaka kwa tabo. Shafti ya tabo yaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na tabo nyingi haina beringi za gololi, inaelea kwenye utando wa oili tu, kwa hivyo hicho kipaipu kikiziba kidogo tu kazi imekwisha.

Kurudi sasa ndiko watu hawaangalii. Paipu ya kurudi ni nene kwa sababu haina presha, oili yashuka kwa uzito wake na imejaa povu. Ikikunjwa, ama fundi akipaka silikoni kwa flenji, pale paipu inapofungwa kwa bolti, ikajiminya ndani, oili inajaa kwenye tabo inapenya kwa sili na moshi wa blu unaanza, unaambiwa tabo imekufa, unanunua ingine na moshi uko palepale! Paipu ya kupumulia injini ikiziba pia mambo ni hayohayo.

Basi fungua paipu zote mbili, angalia ndani kama kuna masizi magumu meusi, kagua tundu la bolti ya paipu nyembamba, weka gasketi mpya bila silikoni. Tabo mpya itie oili safi kwa tundu la juu oili inapoingilia, izungushe kwa mkono, afu piga stata bila injini kuwaka mpaka taa ya oili izime. Injini ikiwaka iache ingurume polepole, usikanyage mafuta.

Na ukitoka kupanda Mazeras na mzigo usizime papo hapo, pampu ikisimama oili iliyobaki kwenye tabo yaungua. Iache dakika 2 au 3. Kama umekuwa ukijikokota kwa foleni ya feri Likoni hapo tabo ishapoa, zima tu.